Kumwandaa Mwanafunzi Mwenye Mahitaji Maalumu kwa Masomo ya Sekondari: Hali ya Wilaya ya Chunya

Wanachuo wanaojiandaa kufundisha shule za msingi hudhani mara nyingi kwamba mtaala wa sekondari ni jambo la wenzao wa vyuo vingine. Kwa wanafunzi wengi dhana hiyo haina madhara makubwa. Lakini kwa mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu ni dhana ya hatari, kwa sababu mambo mengi yatakayompata Kidato cha Kwanza huamuliwa akiwa bado katika Darasa la Tatu, la Nne na la Tano, na anayeyaamua, apende asipende, ni mwalimu wake wa darasa. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi mtaala wa sekondari unavyomhusu mwanafunzi wa namna hiyo, na kazi ambayo mwalimu wa shule ya msingi hana budi kuifanya mapema ili mtaala huo uweze kumfikia.

Tumeichagua Wilaya ya Chunya kwa makusudi. Ni wilaya iliyo mbali na shule nyingi zenye vifaa na wataalamu wa elimu maalumu, na ni wilaya ya watu wanaohamahama. Dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1920, na mpaka leo familia hufuata duara: leo Makongolosi, mwakani Matundasi, mwaka unaofuata wamevuka kwenda Mkwajuni, ambako tangu mwaka 2016 ni Mkoa wa Songwe. Upande wa kaskazini, Mafyeko na Kambikatoto, ni nchi ya tumbaku na mifugo, na vijiji vimetengana sana. Mwalimu anayeweza kumhudumia mtoto mwenye mahitaji maalumu katika mazingira hayo ataweza kumhudumia mahali popote.

Kwa kifupi, sheria na sera zimekwisha kusema. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliweka uandikishaji wa lazima kwa kila mtoto aliyetimiza miaka 7. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ikathibitisha haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma pamoja na wenzake katika shule za kawaida. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini, na mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024. Wanafunzi waliokuwa Darasa la Tatu mwaka huo ndio wa kwanza kupita katika shule ya msingi ya miaka sita. Jambo moja katika mabadiliko haya latupasa kuliangalia sana. Zamani mtoto aliyeshindwa mtihani wa Darasa la Saba aliishia hapo, na udhaifu wa maandalizi yake ulifichika nyumbani. Sasa sera yataka wote waendelee. Mtoto ambaye hakutambuliwa ataingia sekondari na shida yake ikiwa nzima, na sisi wa shule ya msingi tumepungukiwa mwaka mmoja wa kumtambua.

Mtaala ni ule ule

Swali ambalo wanachuo hutuuliza mara kwa mara ni hili: je, wapo wanafunzi wenye mtaala wao wa sekondari? Jibu ni kwamba mwanafunzi asiyeona, kiziwi, mwenye uoni hafifu au mwenye ulemavu wa viungo husoma mtaala ule ule wa wenzake, na hufanya mtihani ule ule wa Baraza la Mitihani. Kinachobadilika ni njia. Karatasi ya mtihani huandikwa kwa nukta nundu au kwa maandishi makubwa. Muda huongezwa: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kwa hiyo mtihani wa saa 2 wa Historia humpa mwanafunzi huyu dakika 20 zaidi, na wa Hisabati humpa dakika 40.

Hapo ndipo ilipo kanuni kubwa ya kazi hii, nayo ni kutenganisha lengo na njia. Kila umahiri ulioandikwa katika muhtasari una jambo la kujifunzwa na una njia iliyozoeleka ya kulionyesha. Aghalabu mwalimu huyachanganya mawili haya. Muhtasari ukisema mwanafunzi asome ramani, lengo ni kujua mahali vitu vilipo na umbali kati yake; macho ni njia tu. Ukisema mwanafunzi aeleze jambo mbele ya wenzake, lengo ni kupanga mawazo na kuyafikisha. Sauti ni njia, na mikono ya kiziwi yaweza kuifanya kazi hiyo. Ukisema mwanafunzi achore sehemu za ua, hatuna budi kujiuliza kama kinachotakiwa ni mchoro au ni kuzijua sehemu zenyewe na kazi zake. Zipo nyakati ambapo njia yenyewe ndiyo lengo, kama vile katika somo la mwandiko. Nyakati hizo ni chache kuliko tunavyofikiri.

Yapo makosa mawili yanayotokana na kutoifahamu kanuni hii, na la pili ni baya zaidi. La kwanza ni kumwacha mtoto afuate njia asiyoiweza, kwa mfano kumwambia mtoto mwenye uoni hafifu anakili ubaoni kama wengine. Hilo huonekana, na mwalimu mwingine aweza kulisahihisha. La pili hufanyika kwa huruma. Mwalimu humpunguzia mtoto lengo badala ya kumbadilishia njia. Humwambia apumzike wakati wa Hisabati, humpa alama bila kazi, humsamehe zoezi la Kiingereza. Mtoto hufurahi, mzazi hushukuru, na miaka minne baadaye mtoto hufika sekondari hajui kugawanya. Tusishangae kwamba wanafunzi wengi wasioona katika nchi yetu wamejikuta wakisoma masomo ya sanaa tu, hata wale ambao vichwa vyao vilikuwa vya Hisabati. Mlango wa sayansi walifungiwa tangu shule ya msingi, na watu wenye nia njema.

Kubadili lengo lenyewe kunaruhusiwa, nako ni lazima kwa baadhi ya wanafunzi wenye ulemavu wa akili. Lakini kufanywe kwa maandishi, kwa makubaliano na mzazi, na baada ya kupima kwa makini kile mtoto anachokiweza. Kwa watoto hawa mkondo wa elimu ya amali uliomo katika mtaala mpya waweza kuwa na manufaa, iwapo mtoto atakuwa amezoezwa tangu chini kufuata hatua za kazi, kuhesabu fedha na kupima urefu. Mtoto asiyeweza kusoma aya nzima aweza kujifunza kusoma maneno ya hatari yaliyoandikwa kwenye chupa ya dawa ya mimea. Katika vijiji vya tumbaku hilo si jambo dogo.

Zana za Chunya

Tuchukue mfano wa somo la ramani katika Darasa la Tano, ambamo mwanafunzi mmoja haoni. Mwalimu ahitaji kipande cha karatasi ngumu ya manila, gundi, kamba nyembamba ya kufungia tumbaku, na punje chache za mahindi. Kamba ibandikwe kuonyesha barabara itokayo Mbeya kupitia Chunya hadi Makongolosi. Punje ziwe miji. Pembe ya juu ya karatasi ikatwe kidogo ili kidole kitambue upande wa kaskazini. Basi, isiongezwe kitu kingine. Mwanachuo mwenye bidii hupenda kubandika mito, milima, mipaka na misitu yote, na matokeo yake ni uso wenye mabonde na vilima usiosomeka. Jicho huiona ramani yote mara moja. Kidole husoma kipande baada ya kipande na kuvikusanya kichwani. Mambo matatu kwa ramani moja yatosha. Mito ipewe karatasi yake.

Kabla ya ramani ya wilaya, mtoto aanze na ramani ya dawati. Aweke kijiti, jiwe na kikombe juu ya dawati, kisha avipange vile vile juu ya karatasi kwa punje tatu. Asipoielewa hatua hii, ramani ya Chunya itakuwa kamba na mahindi tu. Tumekwisha kuona kwamba wanafunzi wanaoona nao huielewa ramani vizuri zaidi wakipitia njia hiyo, lakini hata kama isingewasaidia wao, ingepasa kufanywa.

Katika Hisabati zana kubwa ni ulimi wa mwalimu. Mwalimu anayeelekeza kidole ubaoni na kusema "hii jumlisha hii tunapata hii" amewafundisha wanaoona tu. Asome kila anachokiandika: "thelathini na nne jumlisha kumi na tisa". Haimgharimu kitu, na hata katika darasa la wanafunzi 100 yawezekana. Mtoto anayetumia nukta nundu asiachwe bila kufahamu tarakimu zake, maana katika mwandiko huo tarakimu 1 hadi 9 na 0 ni herufi a hadi j zikitanguliwa na alama ya namba. Hesabu za kupanga wima humsumbua, kwa hiyo afundishwe mapema kuhesabu kwa abakasi.

Mtoto mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu, wala hasumbuliwi na ngozi peke yake. Jua la Chunya ni kali: aruhusiwe kofia pana na mikono mirefu hata kama sare ya shule haisemi hivyo. Akae mbele lakini asiangalie dirisha. Akileta kitabu karibu na pua asikatazwe. Hakiharibu macho yake. Akigeuza kichwa upande anaposoma asinyooshwe, kwa kuwa amejitafutia pembe ambayo macho yake hutulia. Na kuhusu usalama wake, sote twakumbuka mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa nchi yetu katika miaka ya 2000, na jinsi ushirikina wa kutafuta utajiri, pamoja na ule wa dhahabu, ulivyotajwa. Mzazi anayemzuia mtoto wake asitembee peke yake kilometa 5 kwenda shule si mzazi mkaidi. Mwalimu apange watoto wa njia moja waende pamoja, na wamsubiri mwenzao.

Lugha ya sekondari

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha vyuoni ni lugha. Mtoto hutoka katika msingi wa Kiswahili na kuingia sekondari ya Kiingereza. Kwa wanafunzi wote huo ni mlima, na kwa mwenye mahitaji maalumu mlima huo una miamba yake.

Mtoto asiyeona husoma kwa mwandiko uliobuniwa na Louis Braille, Mfaransa, na kuchapishwa mwaka 1829. Kila alama hutokana na nukta 6, nazo hutoa alama 63. Mwenye kuandika kwa kibao na kijiti cha kutobolea huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa karatasi hugeuzwa ndipo isomwe. Akizoea Kiswahili kilichoandikwa herufi kwa herufi, vitabu vya Kiingereza vitamshangaza, kwa sababu vimejaa vifupisho. Herufi b ikisimama peke yake husomwa but, herufi c husomwa can, na alama moja ya nukta 2, 3, 4 na 6 ni neno zima la the. Mtoto asiyefundishwa vifupisho hivi shule ya msingi atatumia mwaka mzima wa Kidato cha Kwanza akijifunza kusoma upya, huku wenzake wakiendelea na Biolojia.

Kwa mtoto kiziwi jambo lenyewe ni zito zaidi. Akizaliwa na wazazi wanaosikia huja shuleni na ishara za nyumbani: ishara ya chakula, ya maji, ya ng'ombe, ya baba. Hizo si lugha ya kutosha kujifunzia. Lugha ya Alama ya Tanzania ina msamiati na sarufi yake, na Chama cha Viziwi Tanzania kimefanya kazi ya kuukusanya msamiati huo. Akiipata mapema, Kiswahili cha kuandika kitakuwa lugha yake ya pili, na Kiingereza ya tatu. Asipoipata, hana lugha ya kwanza ya kusimamia, na kumfundisha Kiingereza ni kujenga paa pasipo kuta. Mwanachuo atakayepangwa mahali penye mtoto kiziwi ajifunze alama hata kama ni 10 kwa juma, na awafundishe wanafunzi wote wa darasa, maana mtoto huongea na wenzake zaidi kuliko na mwalimu. Ajifunze pia herufi za vidole; ndizo zitakazombeba mtoto katika istilahi mpya za sekondari. Hata hivyo tusijidanganye. Kijiji chenye kiziwi mmoja hakiwezi kumpa mazingira kamili ya lugha, na ikiwezekana mtoto huyo apelekwe mahali penye wenzake, kama vile shule ya viziwi ya Njombe.

Kumtambua mtoto

Mtoto asiyeona kabisa hutambulika na kila mtu. Wanaopotea ni wale wa katikati. Anayesikia kwa sikio moja huitwa mtundu. Mwenye uoni hafifu huitwa mvivu wa kuandika. Mwanachuo aangalie: ni nani huwatazama wenzake kwanza ndipo afungue daftari? Nani huitikia "ndiyo" kwa kila swali? Nani hugeuza shingo upande mmoja akiitwa? Nani hunakili vizuri kutoka daftari la jirani na vibaya kutoka ubaoni? Masikio yanayotoa usaha yapelekwe zahanati, yasingoje likizo.

Katika machimbo yapo mambo ya ziada. Karasha la kusaga mawe lina kelele za kuweza kudhuru masikio ya mtoto anayeshinda karibu nalo. Zebaki inayotumika kukamatia dhahabu mialoni, na mvuke wake inapochomwa, hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, hasa ya mtoto aliye bado tumboni. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa kuhusu watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu nchini, Chunya ikiwa miongoni mwa mahali palipochunguzwa. Na mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata unaohusu zebaki. Mwalimu si daktari, wala asiende kumwambia mzazi kwamba mtoto wake amedhurika kwa zebaki. Kazi yake ni kuandika alichokiona, kwa tarehe, na kumpeleka kwa wenye ujuzi. Kadhalika asisahau kwamba mtoto aliyekosa muhula mzima kwa sababu ya kuhama ana mahitaji yake pia, ingawa viungo vyake vyote ni vizima.

Watoto wengi wa machimboni hulelewa na bibi. Mwalimu amwendee nyumbani, aamkie ipasavyo, aketi. Asianze na kasoro. Amuulize, "Bibi, mjukuu wetu anapenda kufanya nini hapa nyumbani?" Katika majibu yake mwalimu atajifunza mengi kuliko katika fomu yoyote: kwamba mtoto hutambua mbuzi kwa sauti, au huhesabu fedha za maandazi bila kukosea. Neno "hafundishiki" lisitamkwe.

Jalada la mwanafunzi

Twafika sasa kwenye jambo dogo la karatasi ambalo matokeo yake ni makubwa. Mwanafunzi huwekewa karatasi ya maandishi makubwa na muda wa nyongeza kwa sababu shule yake ilimsajili kuwa ana mahitaji hayo. Kadhalika wanaochaguliwa kwenda sekondari zenye huduma, kama zile za Pugu, Jangwani, Mpwapwa, Korogwe, au shule ya sekondari maalumu ya Patandi huko Arusha, huchaguliwa kwa sababu taarifa zao zilifika mahali panapohusika. Mtoto ambaye mwalimu wake hakuandika chochote hufanya mtihani wa kawaida kwa muda wa kawaida. Akifaulu, hupangiwa sekondari ya kata kama wengine, na mwalimu wa Kidato cha Kwanza humwona kwa mara ya kwanza akiwa hana habari zake hata mstari mmoja. Hakuna aliyemnyima haki kwa kukusudia. Hakuandikwa tu.

Kwa hiyo kila mtoto aliyetambuliwa awe na jalada tangu siku hiyo. Liandikwe anachokiweza kwanza, kisha anachoshindwa, njia zilizojaribiwa, na zile zilizofaa. "Husoma maandishi ya ukubwa huu kwa umbali huu" ni maneno yenye faida. "Ana matatizo ya macho" hayana. Liwemo lengo la muhula moja au mawili yanayopimika. Kuanzia Darasa la Tano azoezwe mitihani ya majaribio kwa muda wa nyongeza, kwani mtoto asiyewahi kupewa dakika hizo huzitumia kuangalia dari. Taarifa ya kila mwaka ipelekwe kwa Mwalimu Mkuu na kwa Afisa Elimu Maalumu wa Halmashauri, na wakati wa usajili wa mtihani mwalimu wa darasa ahakikishe kwa macho yake kwamba jina na aina ya mahitaji vimeandikwa sawasawa.

Nakala moja ya jalada ibaki shuleni na moja ipelekwe Halmashauri. Ya tatu apewe mzazi au mlezi, naye aelezwe kwamba popote watakapohamia ampe mwalimu wa huko siku ya kwanza. Itiwe katika mfuko wa nailoni na kufungwa vizuri, kwa kuwa nyumba nyingi za kambini ni za turubai, na mvua za Desemba huingia.